Kugongwa na gari ukiwa ku baiskeli: mapatano ya dakika 20, muguu wa miezi 4

Katika tambarare ya Ruzizi, kutoka Kamanyola kushuka mpaka Uvira, baiskeli si muchezo wa vijana. Kinga njo gari la mukulima. Inabeba mihogo, muchele, makala, bidon za mafuta ya ngazi, na wakati mwingine mama mujamuzito anayepelekwa ku kituo cha afya. Kalemie ni vile vile, na upande wa Beni na Mambasa pia. Goma na Butembo wako na chukudu, ndugu yake ya mbao. Barabara ni moja kwa wote: Fuso, Hilux, wamotari, wenye kutembea kwa miguu, mbuzi, na mwenye kinga aliyebeba kilo 100 nyuma yake. Hakuna nafasi hata kidogo iliyotengwa kwa ajili yake. Gari ikipiga honi, yeye njo anapaswa kutoka barabarani, hata kama pembeni ni shimo.

Shirika la Afya Duniani, OMS, katika ripoti yake ya 2023, linahesabu watu milioni 1,19 wanaokufa kila mwaka barabarani ulimwenguni. Wenye baiskeli ni kama 6 kwa kila 100 ya hao. Lakini kuna hesabu nyingine ambayo haizungumuzwi sana: watu kati ya milioni 20 na milioni 50 wanaumia bila kufa, na wengi kati yao wanabaki na kilema. Ni juu ya hawa tunaandika leo. Aliyekufa anazikwa, watu wanalia, na kesi inafuatwa hata kidogo. Lakini aliyevunjika muguu anapandishwa ku moto, anapelekwa nyumbani, na kisha siku tatu hakuna anayeuliza tena habari yake, isipokuwa bibi yake na mwenye kumudai.

Dakika 20 za barabarani

Tuchukue mufano. Tumeutunga, lakini kila mukaaji wa barabara ya Uvira atautambua. Papa wa miaka 40 anatoka Sange na mihogo. Jeep inamugusa kwa nyuma, anaanguka. Gurudumu limekunjika, muzigo umesambaa, muguu unauma lakini anasimama. Watu wanajaa. Shofere anatoka akitetemeka. Muzee mumoja anasema: mupatane tu, ni ajali, Mungu amesaidia hakuna aliyekufa. Shofere anatoa dola 40: 20 za gurudumu, 20 za dawa. Wanapeana mikono. Pengine karatasi inaandikwa pale pale juu ya boneti ya gari: mimi fulani nimepokea, sina tena maneno na fulani. Sahihi. Jeep inaondoka. Dakika 20 zimepita, pengine hata hazikufika.

Siku ya tatu muguu umejaa kama gogo. Ku hospitali wanapiga radio (si hii yetu, ni ile ya kupiga picha ya mifupa) na wanaona mufupa wa muundi umepasuka. Sasa dola 20 za dawa zimekwisha, zimelipa radio na vidonge vya maumivu. Namba ya shofere haipokei.

Kwa nini watu wanakubali mapatano kama haya? Si ujinga. Kila mutu pale ana sababu yake. Shofere anaogopa watu wasimupige, anaogopa gari kulala ku fourrière. Waliojaa wanataka barabara ifunguke. Polisi wa roulage akifika, wakati mwingine naye anapendelea mapatano, kwa sababu anazozijua yeye. Na aliyeumia anaogopa kwamba kufuata kesi kutakula feza nyingi kuliko ile itakayotoka. Woga huo uko na musingi, tusidanganyane.

Kuna pia jambo la mwili. Saa ile ya ajali mwili unamwaga nguvu ya woga katika damu, na maumivu yanajificha. Mutu anaweza kusimama juu ya mufupa uliopasuka na kusema niko sawa. Kwa hiyo anayepatana pale barabarani anauza kitu ambacho hajakiona bado. Na anayenunua anajua vizuri zaidi.

Mwili uko na kalenda yake

Wanganga wa mifupa wanahesabu hivi, kwa mutu muzima asiye na ugonjwa mwingine: kiwiko cha mukono, yaani pale karibu na kiganja, ni wiki 6 hivi. Mufupa wa bega, ule mwembamba wa mbele ambao wenye baiskeli wanauvunja zaidi kwa sababu wanaanguka na bega ao na mukono ulionyooshwa, ni wiki 6 mpaka 12. Mbavu, wiki 6. Mufupa wa muundi, miezi 3 mpaka 6, na 4 ni kawaida. Paja linaweza kuchukua muda kama huo na linahitaji karibu kila mara operesheni. Na hizo ni tarehe za mufupa kushikana tu. Nguvu ya muguu inarudi nyuma yake, polepole.

Kabla ya mufupa, kuna kichwa. Mutu aliyegonga kichwa anaweza kuongea vizuri jioni na kuzimia usiku. Kwa saa 24 mpaka 48 mutu mwingine alale karibu naye na kumuamsha mara kwa mara. Akitapika tena na tena, kichwa kikiuma zaidi na zaidi, akichanganya maneno, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, maji ao damu vikitoka ku sikio ao pua, ni hospitali bila kungojea asubuhi. Kumwacha alale apumuzike, kama tunavyopenda kusema, ni hatari. Na kama analalamika shingo ao mugongo, ao hasikii miguu, asiinuliwe na watu wawili kumupakiza katikati ya shofere na abiria ku moto. Alazwe juu ya mbao ao mulango, kichwa kimeshikwa kisigeuke, ndiyo abebwe.

Kidonda kinachofika ku mufupa si cha kuosha na chumvi na kufunga kitambaa tu. Kinahitaji kusafishwa ku hospitali, antibiotiki mapema, na sindano ya tetanosi. Mavumbi ya barabara zetu yana mavi ya ngombe ndani, na tetanosi inapenda kidonda cha namna hiyo.

Sasa tuseme juu ya wale wanaounga mifupa kienyeji. Wako kila mahali, na watu wanawaendea kwa sababu tatu ambazo si za kuchekewa: wako karibu, wanapokea kuku ao malipo ya polepole, na hawamufungii mugonjwa ndani. Maana ku hospitali nyingi za kwetu, anayeshindwa kulipa fakture anabakia pale, amepona lakini hawezi kutoka, na kila siku ya kitanda inaongezeka juu ya deni. Mutu aliyesikia habari hiyo kwa jirani yake hatakwenda ku hospitali na furaha. Mufupa uliopasuka kidogo bila kuhama unaweza kushikana kwa muunga mifupa, ni kweli. Lakini uliohama ukishikana vibaya, muguu unakuwa mufupi, na kuurudisha ni operesheni kubwa kuliko ile ya kwanza.

Hatari kubwa zaidi ni vijiti vilivyokazwa sana. Kama vidole vya muguu ao vya mukono vinakuwa baridi, vinageuka rangi, vinakufa ganzi, na maumivu yanapanda badala ya kushuka, kamba ifunguliwe saa ile ile na mutu apelekwe ku hospitali. Nyama ya mwili inakufa kwa muda wa saa chache tu. Muguu uliovunjika mahali pamoja unaweza kukatwa, si kwa sababu ya gari, ila kwa sababu ya kamba. Na plâtre ya hospitali ikikazwa inaweza kufanya vile vile. Usiogope kurudi na kusema inabana.

Sheria inasema nini, na inakwama wapi

Wengi wanafikiri asiranse ya gari ni ya gari. Hapana. Tangu sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973, kila chombo chenye mota kinachotembea barabarani kinalazimishwa kuwa na bima ya kulipa madhara kinayofanyia watu wengine. Moto pia. Kwa muda mrefu SONAS ilikuwa peke yake ku kazi hiyo. Sheria ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mulango kwa kampuni zingine. Ile karatasi inayobandikwa ku kioo cha mbele, ambayo polisi anaiangalia kila siku ku barière, iliwekwa kwa ajili ya yule papa wa mihogo. Yeye hajawahi kulipa asiranse, lakini asiranse ya jeep inamuhusu.

Kama gari haina asiranse, kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya raia kinasema anayemufanyia mwingine madhara kwa kosa lake atalipa. Na kifungu cha 260 kinaendelea: mwenye kutuma mutu ku kazi anajibu kwa makosa ya mutumishi wake katika kazi hiyo. Hapa pana jambo ambalo watu wanasahau. Shofere mara nyingi hana kitu, anaendesha gari ya bosi. Ukipatana na shofere peke yake, umepatana na mufuko mutupu. Jina la mwenye gari njo la kutafuta, na linapatikana kwa namba ya plaki. Upande wa jinai, sheria ya adhabu, kuanzia kifungu cha 52, inahukumu anayejeruhi mutu kwa kukosa uangalifu hata kama hakukusudia.

Kwenye karatasi ni nzuri. Kwenye maisha, kuna mahali mawili sheria inakwama.

Pa kwanza ni PV. Asiranse hailipi hadisi, inalipa dossier. Bila PV ya roulage, bila mchoro wa ajali, hakuna dossier. Na PV inaandikwa ikiwa roulage wanajua ajali imetokea. Njo maana mapatano ya dakika 20 yanaua kila kitu: gari imeshatoka, alama za magurudumu zimefutwa, mashahidi wameenda soko. Simu leo iko karibu katika kila mufuko: picha ya plaki, picha ya karatasi ya asiranse ku kioo, picha ya baiskeli pale ilipolala mbele ya kuinuliwa, namba za simu za watu wawili walioona. Mutu yeyote anaweza kuifanya kwa ajili ya aliyelala chini. Haihitaji ruhusa ya polisi.

Pa pili ni neno ambalo wanganga na wanasheria wanaita consolidation. Maana yake ni siku ambayo munganga anasema: huyu amefika pale alipoweza kufika, hatabadilika tena sana. Kabla ya siku hiyo, hakuna anayejua kama papa atabaki na kilema cha kiasi gani, kwa hiyo hakuna anayeweza kujua bei ya haki. Malipo yanayotolewa mbele yake yawe ya kusaidia tu: dawa, usafiri, chakula cha mugonjwa na mulinzi wake. Kupokea hizo si vibaya, hata inafaa, shofere anayesaidia siku ya kwanza ni mutu wa kushukuriwa. Tofauti iko katika maneno ya karatasi. Andika: nimepokea kiasi hiki kwa matunzo ya kwanza, maneno mengine yatafuata. Usiandike: nimepokea vyote, sina tena madai. Hiyo ya pili ni kama umeuza muguu.

Tuongeze hali ya vita, maana huwezi kuandika juu ya haki katika Mashariki bila kuigusa. Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya état de siège tangu Mei 2021, na kesi za jinai zilihamishwa kwa mahakama za kijeshi. Wengi hawakujua tena wapeleke mashitaka yao wapi. Goma iliangukia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu katika Februari, na mabanki yakafunga. Anayegongwa katika maeneo kama hayo hana mulango wa kawaida wa kubisha. Kwa huyo, kuweka fakture, ordonansi, picha za radio na majina ya mashahidi katika mufuko wa plastiki ni lazima hata zaidi, juu siku milango itafunguliwa hakuna atakayekumbuka ajali ya baiskeli.

Kuchoma gari ni kuchoma dossier

Tuseme pia upande wa shofere. Mashofere wengi wanakimbia baada ya kugonga, na tunawaita wauaji. Lakini muulize yeyote anachoogopa, atakuambia ni umati. Gari inachomwa, shofere anapigwa mawe, pengine hakuwa hata na kosa. Haki ya namna hiyo haimuponyi mugonjwa. Gari iliyochomwa haina tena plaki ya kusoma, haina karatasi ya asiranse, na bosi wake sasa anajiona yeye ndiye aliyeonewa. Kesi inageuka: familia ya aliyeumia inaanza kujitetea juu ya gari. Viongozi wa mitaa, wasimamizi wa vyama vya wamotari na wa wenye chukudu wana sauti kubwa katika dakika zile. Wakitumia sauti hiyo kumushikilia shofere bila kumugusa mpaka roulage ifike, wamemusaidia mugonjwa kuliko dawa.

Na mwenye baiskeli naye anaangaliwa. Sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978 inamuhusu: upande wa kuume, taa usiku, muzigo usiozidi mipaka. Kama alikuwa gizani bila taa, na magunia yamepanuka pande mbili, watasema kosa ni la wote wawili na malipo yatapunguzwa. Kipande cha kitambaa kinachongaa ku tairi ya nyuma ni bei ya chupa ya soda. Mashofere nao waangalie jambo moja: gari nyingi zinazoingia kwa mipaka ya Uganda zina volani upande wa kuume, na sisi tunatembea kuume. Shofere wa namna hiyo anapotaka kupita Fuso haoni kinachokuja mbele mpaka pua ya gari imeshatoka. Mara nyingi kinachokuja ni kinga.

Baada ya plâtre

Siku plâtre inaondolewa, familia inafikiri mambo yamekwisha. Muguu unatoka mwembamba, mugumu, goti halikunji. Hapa watu wengi wanapotea, kwa sababu feza zimekwisha na hakuna kidonda cha kuonyesha. Lakini kine, yaani mazoezi ya kurudisha viungo, njo nusu ya kupona. Bukavu iko Heri Kwetu, Goma iko Shirika la Umoja, vituo vinavyojulikana kwa kusaidia wenye ulemavu. Aliye mbali na miji anaweza kufanya mengi nyumbani kama mwenye kine amemuonyesha mara moja: kusogeza vidole tangu siku za plâtre, kukunja na kunyoosha goti, kusimama kidogo na magongo, kuongeza polepole. Chakula pia: maharagi, ndakala, mayai yakipatikana, sombe. Sigara inachelewesha mufupa, hiyo imethibitishwa, na pombe inaangusha mutu wa magongo.

Munganga akisema sasa unaweza kutembea, muulize swali lingine: naweza kusukuma? Kazi ya kinga yetu si kukaa ku kiti na kukanyaga pedali. Ni kusukuma kilo 100 kwenye mupando, muguu umepinda, mugongo umeinama, na kuzishikilia kwa mikono zisikuburute kwenye muteremko. Munganga wa muji pengine hajawahi kuiona karibu. Mwenye kuweza kusimama juu ya muguu ule mumoja, kuchuchumaa na kuinuka bila kushika ukuta, na kukaza freni kwa mikono yote mbili bila maumivu, aanze na baiskeli tupu, kisha muzigo wa robo. Anayerudi na gunia nzima wiki ya kwanza kwa sababu watoto wamefukuzwa ku masomo anaweza kuvunja tena pale pale.

Hapo njo tunaona nani analipa ajali. Katika miezi hiyo 4, bibi anakuwa mulinzi wa mugonjwa na anaacha meza yake ya soko. Kwa hiyo ni mapato mawili yamekatika. Mwenye mihogo anadai mihogo yake iliyomwagika. Kama baiskeli ilikuwa ya kukodi, mwenyewe anadai pia. Feza za AVEC ao likelemba zinakopwa, na riba haijui kama muguu uko ndani ya plâtre. Hayo yote, kazi iliyopotea, mulinzi, usafiri wa kila kontrole, yanaweza kudaiwa. Yaandikwe katika daftari tangu siku ya kwanza na tarehe.

Kuna pia woga, na wanaume wa kwetu hawauzungumuzi. Anayesikia Fuso nyuma yake na mwili unaganda, anayeota ajali usiku, anayezunguka njia ya mbali ili asipite pale alipoanguka, hana uchawi wala si mutu wa kulegea. Mara nyingi inapungua kwa wiki kadhaa. Kama inazidi mwezi na hawezi kulala ao kufanya kazi, amuambie munganga, na iandikwe katika dossier kama vile mufupa unavyoandikwa.

Na siku ya kontrole ya mwisho, wakati magongo yanarudishwa, usitoke ku hospitali na ahsante tu. Omba sertifika ya munganga yenye tarehe ya consolidation na kiasi cha kilema kilichobaki. Ni karatasi hiyo asiranse itauliza kwanza, na kuipata miaka miwili baadaye, wakati munganga yule ameshahama, ni safari nyingine kabisa.